Balbu moja ikiungua, kwa nini nyingine zizime? Na TV ya mjomba ilipwe na nani?

*"Shikamoo fundi. Nakodisha mapambo ya harusi na unyago hapa Mikindani. Nina mikufu ya taa ndogo za rangi, kila mkufu una balbu 40, zile za zamani zenye uzi ndani. Balbu moja ikiungua, nusu ya mkufu inazima, hata balbu iliyoungua iwe ya mwisho kabisa. Kijana mmoja alinifundisha kuing'oa iliyokufa na kuunganisha zile waya mbili, taa zinarudi. Ila tangu nianze kufanya hivyo balbu zinaungua mfululizo. Hilo la kwanza. La pili, Jumamosi jioni nilizichomeka uani kwa mjomba ili nizijaribu. Ghafla balbu za ndani zikawaka mno, feni ikaenda mbio ajabu, TV ikalia pa! ikafa, na baada ya muda mfupi chaja ya simu nayo ikafa. Jirani aliyekuwa anapiga pasi anasema kwake taa zilififia na pasi ikapoa. Mjomba anasema taa zangu mbovu ndizo zilizounguza TV, kwa hiyo nilipe. Mbona nyumbani balbu ya chumbani ikiungua ya sebuleni haiguswi? Nieleze vizuri, maana kikao cha ukoo kimeshaitwa."*

Marahaba, binti yangu. Nianze na la kikao, mengine yatafuata. Kwa jinsi ulivyoeleza, taa zako hazikuunguza TV ya mjomba. Zisingeweza, hata zingekuwa mbovu namna gani. Kilichotokea kwake na kilichotokea kwa jirani ni tukio moja, na chanzo chake kiko nje ya nyumba zote mbili. Lakini usiende kikaoni ukitamba, kwa sababu hayo maungio yako ya waya ni ya hatari na ipo siku yanaweza kumdhuru mtu. Mjomba amekosea kuhusu TV, ila wasiwasi wake juu ya taa zako una msingi.

Tuanze na mkufu. Bila shaka darasani ulifundishwa saketi ya mfuatano na saketi sambamba, ukajibu mtihani, ukasahau. Mkufu wako una vyote viwili. Balbu 40 zimegawanywa makundi mawili ya balbu 20. Ndani ya kila kundi balbu zimepangwa kwa mfuatano: umeme unaingia balbu ya kwanza, unatoka, unaingia ya pili, hivyo hivyo hadi ya 20, ndipo unarudi. Makundi yenyewe mawili yamewekwa sambamba, kila moja limeshika nyaya mbili za plagi kivyake. Ndiyo maana inazima nusu, nusu nyingine inabaki inawaka kana kwamba hakuna msiba.

Sasa, kwa nini balbu ya mwisho ikiungua na ya kwanza inazima? Watu wengi hudhani umeme unasafiri kutoka kwenye plagi, unaiwasha ya kwanza, unaiwasha ya pili, na ukikuta kizuizi huko mbele basi za nyuma zimeshapata riziki yao. Sivyo. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Dar es Salaam na Lindi maeneo ya Somanga, basi lililokuwa Kibiti na lililokuwa Lindi yote yalikwama, ingawa kila moja lilikuwa na lami nzima chini ya magurudumu yake. Kwenye mfuatano njia ni moja tu, na mkondo wa umeme ni uleule kila mahali: ukiwa sifuri sehemu moja, ni sifuri mzunguko mzima, kabla na baada ya pale palipokatika. Kwa hiyo mahali ilipo balbu mbovu hapabadilishi kitu. Iwe ya kwanza, ya 11 au ya 20, zote zinazima kwa pamoja.

Hapo pana jambo linalowaponza watu, na naomba ulishike kuliko yote. Taa zimezima haina maana kwamba umeme haupo. Zikiwa zinawaka, volti 230 za ukutani zinagawanywa kwa balbu 20, kila moja inapata volti 11 na nusu. Kati ya miguu miwili ya balbu moja volti ni hizo chache tu, ila usishike, maana kutoka hapo hadi ardhini zinaweza kuwa nyingi. Uzi wa balbu moja ukikatika, mkondo unasimama, na balbu nzima hazigawani tena chochote. Volti zote 230 zinajikusanya pale palipokatika. Fundi akiweka multimita (kifaa cha kupimia umeme) kwenye miguu ya balbu nzima atasoma sifuri. Akiiweka kwenye miguu ya ile iliyokufa, mita inaruka hadi 230. Asiyejua hutupa balbu nzima kwa kuwa "haina umeme", kisha anatia vidole kwenye kishikio cha ile mbovu kwa kuwa "imeshakufa". Sijui wewe unaunganisha hizo waya ukiwa umechomoa plagi au hujachomoa. Kama hujachomoa, umeponea chupuchupu mara zote ulizofanya hivyo.

Tuje kwenye dawa ya yule kijana. Ameelewa nusu ya jambo. Ni kweli ukiunganisha waya mbili njia inarudi na taa zinawaka. Ila volti 230 zilizokuwa zinagawanywa kwa 20 sasa zinagawanywa kwa 19, na kila balbu inabeba volti 12.1. Utasema ongezeko hilo si kitu. Kwa balbu ya uzi ni kitu kikubwa sana: volti zikizidi kwa asilimia 5 tu, umri wake unapungua karibu nusu. Umeondoa moja, umezikata umri 19. Inakufa ya pili, unaunganisha tena. Ukifika kwenye 15, kila moja inakula volti 15.3, theluthi zaidi ya ilivyoundiwa, na joto lake linapanda kuliko hapo maana joto hupanda haraka kuliko volti. Utaona taa zinang'aa sana siku hizo, wateja wanasifia. Kumbe ni ng'aro ya kufa. Hiyo ndiyo sababu ya kuungua mfululizo, wala balbu zako si za bandia kama unavyoweza kudhani.

Kuna balbu ndogo ambazo kiwanda kimeziwekea ujanja wa aina hiyohiyo. Ndani, chini ya uzi, kuna kijiwaya chenye utando mwembamba usiopitisha umeme. Uzi ukikatika, zile volti 230 zilizojikusanya hapo zinautoboa utando, kijiwaya kinapitisha, na mkufu unaendelea kuwaka bila balbu ile. Kama zako zingekuwa na kitu hicho na kikafanya kazi, kundi lisingezima. Hata hivyo hesabu ni ileile: kila inayokufa inawatwisha wenzake. Mikufu ya namna hiyo inataka balbu iliyokufa ibadilishwe mapema.

Sasa nyumbani. Balbu ya chumbani na ya sebuleni zimewekwa sambamba. Kila moja ina kamba yake kutoka waya wa moto, unaoleta umeme, hadi nyutro, waya wa kuurudisha, na kila moja inapata volti 230 zake kamili bila kugawana na mwenzake. Ya chumbani ikiungua, ya sebuleni haina habari. Kinachopungua ni jumla ya umeme unaopita kwenye mita, na LUKU inakwenda polepole kidogo.

Nasema hivyo kwa kifaa kilichokatika ndani. Kifaa kilichopiga shoti ni habari nyingine. Pasi ikipiga shoti, nyaya zake mbili zinagusana moja kwa moja, inakuwa njia rahisi kupita zote, umeme mwingi ajabu unakimbilia huko na breka inajizima. Hapo nyumba nzima inaingia giza kwa kosa la mmoja ingawa vimewekwa sambamba. Kwenye mfuatano mambo yanageuka: kilichokatika kinazima wote, na kilichopiga shoti kinawaacha wenzake wanawaka, tena kwa nguvu zaidi, kama ulivyojionea kwenye mkufu. Kwa hiyo mtu akiniambia "kifaa kimekufa", namuuliza kwanza: kimekatika au kimepiga shoti? Ndipo namuuliza kimekaaje na wenzake.

Na hakuna saketi iliyo sambamba mwanzo hadi mwisho. Mahali fulani vifaa vyote vinatumia njia moja. Soketi za chumba kimoja mara nyingi zimerukiwa waya kutoka hii kwenda ile, na skrubu ya soketi ya kwanza ikilegea, zote za mbele yake zinakosa umeme. Swichi na fyuzi zimewekwa kwa makusudi kwenye njia ya pamoja, zikikata, zikate vyote. Njia ya pamoja kubwa kuliko zote, na ambayo watu wanaisahau, ni nyutro.

Hapo ndipo TV ya mjomba ilipofia.

Umeme wa mtaani husambazwa kwa waya tatu za moto na nyutro moja. Kati ya waya wa moto wowote na nyutro kuna volti 230. Kati ya waya wa moto mmoja na mwingine kuna volti 400. Nyumba ya kawaida huchukua waya mmoja wa moto na ile nyutro. Mjomba yuko kwenye waya mmoja, jirani yuko kwenye mwingine, nyutro ni yao wote. Nyutro ikiwa nzima, kila mtu na volti zake 230, hawajuani.

Ikikatika huko nje, mahali ambapo bado inawaunganisha hawa wawili, umeme wa mjomba unakosa njia ya kurudi. Lakini nyutro ya kwake bado imeshikana na ya jirani. Basi unatoka waya wa moto wa mjomba, unapita kwenye vifaa vyake, unavuka kwa jirani, unapita kwenye vifaa vya jirani, unaishia kwenye waya wa moto wa jirani. Nyumba mbili zilizokuwa sambamba zimegeuka mfuatano, na juu yake kuna volti 400. Sasa wanagawana.

Mgawo wenyewe unashangaza, na ndio utakaokusaidia kikaoni. Tuseme jirani na pasi yake alikuwa anatumia wati 1,000, na mjomba na TV, feni, balbu, chaja na mkufu wako alikuwa na wati 200. Anayetumia umeme mwingi ana ukinzani mdogo, yaani kizuizi kidogo kwa mkondo, na ukinzani hupimwa kwa omu: kwa jirani ni kama omu 53, kwa mjomba ni kama omu 265. Kwenye mfuatano volti huenda nyingi kwa mwenye ukinzani mkubwa. Jirani anabaki na volti kama 67: taa zinafifia, pasi inapoa. Mjomba anatupiwa kama 333: balbu zinawaka mno, feni inakwenda mbio, TV inalia pa! Ndivyo hasa ulivyoandika. Halafu TV ilipokufa, matumizi ya mjomba yakashuka. Tuseme yalibaki wati 100, volti zikapanda hadi kama 364, ikafuata chaja. Hizo namba ni za makadirio, maana feni na TV hazifuati hesabu ya omu kama pasi inavyofuata, na kwa kweli mtaani kuna nyumba nyingi kwenye waya tatu, si mbili. Lakini mwelekeo ni huohuo, na mpangilio wa matukio uliyoyaona hauna maelezo mengine yanayokaa vizuri kama haya.

Sasa ona mkufu wako ulikuwa wapi katika hesabu hiyo. Ulikuwa upande wa mjomba, ukiongeza matumizi yake. Kuongeza matumizi upande ule kunapunguza ukinzani, na kunapunguza volti zilizomwangukia. Kwa hiyo kama taa zako zilichangia chochote jioni ile, ziliipunguzia TV kipigo kidogo. Nyutro ikiwa nzima, mkufu mbovu ukizima hauongezi volti. Ukipiga shoti, unazishusha na kuzimisha breka. Hakuna namna ya tatu ambayo taa za uani zinaweza kuipandishia nyumba volti na wakati huohuo kumfifishia jirani. Kauchunguze na wenyewe: kama ulikuwa umewaka saa ile, yaelekea balbu zake nazo zimeungua kwa wingi.

Najua mjomba atauliza, "Mbona breka haikujizima?" Jibu: breka ya kawaida inahisi wingi wa mkondo, haihisi volti. Kwa hesabu yetu mkondo ulikuwa kama ampea 1.3 tu, mdogo kabisa kwa breka yoyote. Vipo vifaa vya kulinda volti, vinafungwa karibu na men swichi, vinakata zikipanda au zikishuka kupita kiasi na kurudisha baada ya dakika chache zikitulia. Kwa nyumba yenye TV na friji naona ni fedha iliyotumika vizuri. Eathi nayo usiitegemee hapa. Ile fimbo ya ardhini inaweza kupitisha umeme kidogo, lakini udongo hauwezi kushika nafasi ya nyutro.

Kwa nini nyutro ikatike? Mara nyingi ni kiungio. Mikindani mko mdomoni mwa bahari, hewa ya chumvi inakula kila kiungio, hasa mahali shaba inapokutana na aluminiamu. Kiungio kinaliwa taratibu, kinapata moto, kinalegea, upepo ukivuma kinaachia na kushika. Ndiyo sababu hali huweza kutulia yenyewe na kurudi siku nyingine. Na hilo linanitia hofu: hujasema kama kuna mtu aliyekuja kuangalia.

Kama hajaja, acheni vifaa vyote vya thamani bila kuchomekwa, na leo hii piga taarifa ofisi ya umeme kitengo cha dharura. Sema hivi: "Nyumba moja taa zinawaka kupita kiasi, ya jirani zinafifia." Fundi yeyote wa laini akisikia maneno hayo anajua ni nyutro. Hali ikirudi kabla hawajafika, zima men swichi na umwambie jirani afanye hivyo hivyo. Mtu asipande nguzo, wala asifungue kiungio kwenye ukuta ambako waya unaingilia. Nyutro iliyokatika si waya mtulivu kama watu wanavyodhani: upande uliobaki na vifaa vya watu unaweza kuwa na umeme wa kuua. Kisha mjomba amwite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, apime ndani ya nyumba, soketi kwa soketi. Mimi nimesoma maelezo yako tu, sijagusa waya. Kama kipimo kitaonyesha jambo tofauti, shikeni kipimo.

Kuhusu fidia ya TV sitakuahidi kitu. Ila andikeni tarehe na saa, vifaa vilivyoungua, na nani kati ya majirani aliona nini, na msitupe TV. Taarifa ya maandishi yenye ushahidi wa nyumba mbili au tatu ina uzito kuliko malalamiko ya mdomo, na mkiona hamkusikilizwa, EWURA hupokea malalamiko ya wateja wa umeme. Huo ndio mlango wa mjomba kubisha. Kikaoni mpeleke jirani wa pasi akaeleze mwenyewe taa zake zilivyofifia, atakusaidia kuliko mimi na hesabu zangu. Na ongea kwa adabu, mjomba ni mjomba, TV yake imekufa kweli.

Sasa biashara yako. Mikufu ambayo umeshaunganisha waya zaidi ya mara moja, iweke kando. Hata ukifunga solotepu vizuri, balbu zilizobaki zimeshachoka, na maungio hayo yanakwenda kukaa kwenye turubai na vitambaa vya mapambo, watoto wakipita chini usiku. Ule ambao ni mzima, balbu ikifa ibadilishe kwa nyingine yenye volti ileile, plagi ikiwa imechomolewa. Ukiweka yenye volti tofauti kwa kuwa tu inaingia kwenye tundu, umeharibu mgawo. Ili kuijua iliyokufa huhitaji umeme wa ukutani kabisa: multimita kwenye omu, unapima balbu moja moja mezani. Nzima inasoma namba, iliyokatika haisomi kitu.

Ukipata mtaji kabla ya msimu wa korosho, harusi zikianza kufuatana, nunua mikufu yenye holda za balbu kubwa, kila holda imeshika nyaya zote mbili. Hizo ziko sambamba. Balbu 20 za LED za wati 5 ni wati 100 tu, na moja ikifa unaibadilisha kesho yake bila harusi kuharibika. Ubaya wake ni kwamba kila holda ina volti 230 kamili, kwa hiyo chagua za kutumika nje, zenye mpira unaoziba maji, na usiache holda tupu. Njia nyingine ni taa za LED zinazotumia adapta ya volti ndogo. Kwa shughuli za unyago zenye watoto wengi uani mimi ningechagua hizo, ingawa mwanga wake ni mdogo na adapta ikifa zote zinazima pamoja: ndiyo njia yao ya pamoja. Nunua na adapta ya akiba.

Dukani, kabla hujalipa, mwambie muuzaji auwashe mkufu, azime, atoe balbu moja ya katikati, awashe tena. Nyingine zote zikiwaka, chukua.